Mkodi na Mkodishaji: Istilahi za Ukodishaji wa Magari ya Zamani ya Kijeshi kwa Watengenezaji wa Filamu

Utangulizi

Katika likizo yangu iliyopita nilikwenda Michenga, karibu na Ifakara, kumsalimu baba yangu mkubwa. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali za wazee na watoto, aliingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu," akaniambia, "wewe kazi yako ni maneno. Nisomee hili neno uniambie ni mimi au ni wao."

Karatasi ile ilikuwa mkataba wa ukurasa mmoja. Baba mkubwa ana lori la Bedford la muundo wa kijeshi, lile ambalo magurudumu yake yote manne huvuta, na ambalo alilinunua miaka mingi iliyopita katika mnada wa magari yaliyokwisha kutumika. Kwa muda mrefu lilibeba mpunga. Siku moja walikuja watu waliokuwa wakitengeneza filamu yenye sehemu fupi ya vita, wakalipenda, wakalichukua kwa siku mbili. Liliporudi lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, klachi imeungua kwa kuendeshwa topeni, na ubao wa nyuma umevunjika. Mkataba ulisema hivi: "Mkodishaji atalipa gharama za uharibifu wo wote utakaotokea katika muda wa kukodisha."

Baba mkubwa alisema mkodishaji ni wao, maana wao ndio "waliokodisha" gari kutoka kwake. Wao walisema mkodishaji ni yeye, maana yeye ndiye mwenye gari "anayekodisha". Wasuluhishi walisoma neno lile wakashindwa kuamua, kwa kuwa kila upande ulikuwa na ushahidi wa mazungumzo ya kila siku. Mwisho waligawana hasara nusu kwa nusu, na kila mmoja akaondoka akiamini kwamba ameonewa.

Mara nyingi watu hudhani kwamba kazi ya istilahi ni kuwatafutia wasomi maneno ya elimu ya juu. Karatasi ya Michenga inatuonyesha vingine. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na ya shughuli za mahakama, neno lililolegea katika mkataba si kosa la insha tu, bali laweza kumtoa mtu fedha mfukoni. Katika makala haya nitajaribu kuzieleza istilahi za shughuli moja ndogo, yaani ukodishaji wa magari ya zamani ya kijeshi kwa ajili ya filamu, na kutoa mapendekezo machache.

Kukodi na kukodisha

Tuanze na kiini cha ugomvi. Kukodi ni kupata matumizi ya kitu cha mtu mwingine kwa muda na kwa malipo. Kukodisha ni kumpa mwingine matumizi hayo. Kiambishi -sh- hapa kina kazi ileile inayoonekana katika kukopa na kukopesha, au kupanga na kupangisha. Anayekopa hupokea, anayekopesha hutoa. Anayepanga huingia nyumbani, anayepangisha hupokea kodi. Hakuna mtu katika Bonde la Kilombero asiyejua tofauti ya kukopa na kukopesha, hasa wakati wa kilimo.

Lakini katika kukodi mambo yamechanganyika. Kwa kawaida utamsikia mtu akisema, "Tumekodisha basi la kutupeleka harusini," hali yeye hana basi. Vivyo hivyo mkulima husema, "Mwaka huu nimekodisha ekari mbili," na msikilizaji hulazimika kuuliza kama ametoa shamba au amechukua. Katika mazungumzo swali hilo moja hutosha kuondoa utata. Katika mkataba hakuna wa kuulizwa, kwa sababu karatasi haijibu.

Tukitafuta jina la mtendaji, Kiswahili kimekwisha kutupa njia. Kitenzi kinachoishia kwa -i hutoa jina la mtendaji bila nyongeza mwishoni: kusafiri, msafiri, kuhubiri, mhubiri, kuhariri, mhariri. Kitenzi hichohicho kikishapata -sh-, jina huchukua -aji: kusafirisha, msafirishaji. Msafiri hupanda gari. Msafirishaji ndiye mwenye gari. Kwa kanuni hiyo, anayekodi ni mkodi, na anayekodisha ni mkodishaji. Neno mkodi litawashtua wengine kwa kuwa linakumbusha kodi ya serikali, lakini mshtuko huo ni mdogo kuliko hasara ya klachi. Aliye na shaka na aandike "mwenye gari" na "mkodi", ili neno mkodishaji lisitumike kabisa mpaka hapo litakapotulia katika maana moja.

Kitendo chenyewe nacho kina pande mbili. Biashara ya mwenye gari ni ukodishaji. Hali ya gari kuwa mikononi mwa mkodi ni ukodi. Kwa hiyo tuseme "muda wa ukodi" na "malipo ya ukodi". Kuazima kuwekwe mbali kabisa, kwa sababu kuazima hakuna malipo. Gari likiazimwa na jirani, masharti yake ni ya ujirani.

Ni gari gani hasa?

Jambo la pili ambalo mkataba wa Michenga ulilifumba ni aina ya gari. Uliandika "gari la kivita". Lile si gari la kivita. Hapa yafaa tutenge maneno manne ambayo magazeti huyabadilishana kana kwamba ni mamoja.

Gari la kijeshi ni gari lo lote lililotengenezwa au kutumiwa kwa shughuli za jeshi: lori la askari, gari la wagonjwa, tangi la maji la magurudumu, jipu la kamanda. Gari la kivita ni lile lililotengenezwa kwa ajili ya kupigana. Gari la deraya ni lile lililovikwa mabamba ya chuma ya kuzuia risasi. Neno deraya ni la zamani katika lugha yetu, nalo lilimaanisha vazi la chuma la mpiganaji kabla halijahamia kwenye magari. Kifaru ni gari la deraya linalokwenda kwa minyororo na lenye mzinga. Basi kila kifaru ni gari la deraya, na kila gari la kivita ni gari la kijeshi, lakini huwezi kulirudisha neno hilo kinyumenyume. Bedford ya baba mkubwa ni gari la kijeshi kwa muundo wake, lakini halijawahi kuwa la kivita.

Neno kifaru lastahili sifa. Vifaru vya kwanza viliingia vitani Ufaransa tarehe 15 Septemba 1916. Waingereza walioviunda waliviita kwa neno lenye maana ya tangi, ili adui akisikia adhani ni matangi ya maji, na jina hilo la kuficha siri likabaki hata baada ya siri kufichuka. Kiswahili hakikuhitaji kuficha kitu. Kilitazama ngozi ngumu, uzito, pembe iliyotangulia mbele na mwendo usiogeuka, kikamwita mnyama anayefanana navyo. Tumepata hivyo istilahi inayojieleza kuliko ile iliyotangulia.

Lakini istilahi hiyo hudai uangalifu wa sarufi. Mnyama huchukua upatanisho wa viumbe hai: kifaru huyu ameingia, vifaru watatu wameonekana. Chombo hufuata ki- na vi-: kifaru hiki kimeingia, vifaru vitatu vimeonekana. Mfano mzuri ni filamu ya Marekani iitwayo Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks, akaigiza John Wayne, na kuonyeshwa mwaka 1962. Sehemu kubwa ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, na ndani yake magari hufukuzana na wanyama wa porini, wakiwamo vifaru. Mtayarishaji anayehitaji "vifaru wawili" ataonana na wahifadhi wanyama. Anayehitaji "vifaru viwili" ataonana na jeshi. Herufi chache za upatanisho zinampeleka katika ofisi mbili tofauti.

Wananchi nao hawakuacha kutoa majina. Gari kubwa la polisi la kubebea watuhumiwa huitwa karandinga, na Land Rover ya polisi ya aina ya Defender imekuwa difenda. Katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, roketi za Tanzania zilizorushwa kutoka katika malori zilijulikana kwa Waganda kwa jina la Saba Saba. Majina kama haya yasidharauliwe. Mtunzi wa filamu ya vita vile akiyaacha na kuweka ya vitabuni, waliokuwapo watajua mara moja kwamba hakuwauliza.

Kuukuu, la kale au tunu?

Swali la tatu ni gumu zaidi. Watengenezaji wa filamu hawakodi gari kwa sababu ni jipya. Hulikodi kwa sababu ni la wakati fulani uliopita na yapo machache yaliyosalia. Tuliiteje gari la namna hiyo, linalotunzwa kwa ajili ya historia na uadimu wake?

Gari bovu halitembei. Gari kuukuu, au chakavu, limechoka kwa matumizi, na thamani yake hushuka kila mwaka. Gari la zamani ni neno la haki lakini ni pana, kwa kuwa halisemi kama linathaminiwa au limetelekezwa chini ya mwembe. Gari la kale linavutia, ila lina mtego: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vya kale vinavyolindwa moja kwa moja, na mwaka huo hakuna aliyekuwa ameona gari la injini ya petroli. Gari la hifadhi lingefaa kwa maana, lakini ukilitamka Ifakara, kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, msikilizaji ataona gari la askari wa wanyamapori.

Pendekezo langu ni gari tunu. Tunu ni kitu adimu na chenye thamani, ambacho mwenye nacho hukitunza. Muundo wa majina mawili yaliyofuatana si mgeni, kwani tunao mbwa mwitu na askari kanzu, na tumesafiri kwa garimoshi miaka mingi bila kulalamika. Kwa hiyo: gari tunu la kijeshi, na mwenye mkusanyo wa magari hayo ni mtunza magari tunu.

Je, magari hayo yapo kwetu? Yapo, ingawa si yale yanayoonekana katika filamu za Ulaya. Vifaru na magari yenye silaha ni ya jeshi. Yanayoweza kuwa mikononi mwa raia ni yale ya kubeba na kuvuta. Jipu la Marekani lilitengenezwa na Willys na Ford kwa wingi wa zaidi ya magari 600,000 kati ya mwaka 1941 na 1945, na vita vilipokwisha yalisambaa duniani. Land Rover, iliyotoka Uingereza mwaka 1948, ilibuniwa kwa kuliiga jipu hilo, ikawa gari la serikali, la misheni, la daktari na la askari kote Afrika Mashariki. Malori ya Bedford yalifanya kazi za jeshi na za raia vilevile.

Isitoshe, historia yetu inaonyesha kwamba mpaka kati ya gari la vita na gari la amani huvukwa mara kwa mara. Katika Mpango wa Karanga uliofanyika Kongwa, Urambo na Nachingwea kuanzia mwaka 1947 hadi 1951, yaliletwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Kampuni ya Vickers ya Uingereza ilichukua vifaru vya aina ya Sherman, ikaviondolea deraya na mzinga, ikavifanya vyombo vya kung'olea visiki. Mwaka 1978 safari ikawa kinyume: malori na mabasi ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kusaidia kupeleka askari na shehena Kagera. Kwa hiyo mtunza gari anapotoa historia ya gari lake, aandike limekuwa nini na lini. Hati hiyo tuiite nasaba ya gari. Ndiyo inayompa mtengenezaji wa filamu uhakika kwamba gari la mwaka 1965 halitaingizwa katika kisa cha mwaka 1943.

Uhakika huo una maana hata hapa bondeni. Mtu akitaka kutengeneza filamu juu ya Vita Vikuu vya Kwanza katika Kilombero na Mahenge, iliyotwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Oktoba 1917, asikimbilie kukodi magari. Upande wa Waingereza walikuwa na malori na magari machache ya deraya katika sehemu nyingine za nchi, lakini mvua, tope na mbung'o viliwashinda magari na wanyama wa mizigo. Vita vile vilibebwa vichwani mwa wapagazi, na kumbukumbu yao imebaki Dar es Salaam katika jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi hao. Filamu itakayojaa malori haitakuwa ya kweli hata kama kila lori ni tunu.

Gari mbele ya kamera

Katika kazi ya filamu kuna magari ya namna mbili, na mkataba usipoyatenga hulipisha bei moja kwa kazi mbili. Lipo linaloonekana kwenye picha, nalo napendekeza liitwe gari la pichani. Lipo linalobeba watu, taa na chakula nyuma ya kamera, nalo ni gari la kazi. Gari tunu hukodiwa liwe la pichani. Mkodi akiligeuza la kazi jioni, akapakia jenereta na wapishi, amevunja masharti ingawa hajavunja kioo.

Gari la pichani nalo laweza kusimama tu kama sehemu ya mandhari, au laweza kuendeshwa. Tofauti hiyo ndiyo iliyoiunguza klachi ya Michenga. Lori lilikodiwa lisimame kando ya barabara kama gari la askari; mwongozaji alipoliona akapata wazo jipya, akataka livuke dimbwi, likavuka mara nane mpaka picha ikamridhisha. Kwa hiyo mkataba utaje ama "gari la kusimama" ama "gari la kuendeshwa", na utaje dereva. Watunza magari wengi hutaka gari liendeshwe na mtu wao, aliyevikwa maleba ya mwigizaji ikibidi.

Aidha, si kila kinachoonekana kwenye filamu ndicho kilivyo. Katika filamu ya Patton ya mwaka 1970, vifaru vya Marekani vya baada ya vita, vilivyopewa jina la jenerali huyohuyo anayesimuliwa, viliigiza kuwa vya Wajerumani. Katika Saving Private Ryan ya mwaka 1998, vifaru vya Kirusi vya T-34 vilijengewa umbo la nje la kifaru cha Kijerumani cha Tiger. Kifaru cha namna hiyo si bandia, kwa kuwa injini na minyororo yake ni ya kweli. Kimevikwa sura ya kingine. Tukiite kifaru cha kuvikwa. Kifaru bandia ni kile cha mbao au plastiki kisichokuwa kifaru hata kidogo. Na kifaru halisi ni kama kile cha Tiger, namba 131, kilichotekwa Tunisia mwaka 1943, kikatunzwa katika makumbusho ya Bovington huko Uingereza, na kutumiwa katika filamu ya Fury iliyotoka mwaka 2014. Chombo hicho chenye uzito wa tani zaidi ya 50 hakikukabidhiwa kwa watengenezaji wa filamu wakafanye watakavyo. Mtu anayejua thamani ya tunu huikodisha pamoja na masharti yake.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kuyajua maneno haya. Utawala wa Idi Amin umesimuliwa katika filamu ya Sharad Patel ya mwaka 1981 iliyotengenezwa Kenya, na katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006 iliyopigwa Uganda. Kisa cha mtawala wa kijeshi hakisimuliwi bila jipu na lori la askari. Kwa Tanzania, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga filamu, na mambo ya sare, silaha na alama za jeshi yana ruhusa zake. Mkataba wa gari useme wazi ni nani atakayeomba kibali, mkodi au mwenye gari. Ukikaa kimya, kila mmoja atamngojea mwenziwe.

Muda, malipo na uharibifu

Mkataba wa Michenga ulisema "siku mbili". Je, siku ni nini? Kiswahili kina utajiri hapa, lakini hatuutumii. Kutwa ni kuanzia kucha hadi kuchwa. Kucha, kwa maana ya usiku kucha, ni sehemu ya pili. Siku nzima ni yote mawili, saa 24. Watengenezaji wa filamu hupenda mwanga wa alfajiri na wa machweo, na mara nyingine hupiga picha usiku. Kwa hiyo tuandike "ukodi wa kutwa", "ukodi wa usiku" au "ukodi wa siku nzima". Tena, tuseme kama siku ya kulifikisha gari na siku ya kulirudisha zinahesabiwa. Tangu daraja la Mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, lori la Ifakara laweza kufika upande wa Mahenge bila kungoja kivuko, lakini mafuta hayaji yenyewe.

Fedha zinazotangulia nazo zina majina matatu. Arubuni ni fedha ya kufunga mapatano, nayo ni sehemu ya bei; mkodi akighairi, mara nyingi huipoteza. Amana ni mali iliyowekwa kwa mtu aitunze na kuirudisha kamili. Dhamana ni kinga: hushikwa ili iwe fidia kama jambo likiharibika. Mikataba mingi huandika amana ikikusudia dhamana, kisha mwenye gari akikata sehemu yake kwa ajili ya ukarabati anashutumiwa kwamba amekula amana ya watu. Shutuma hiyo ni nzito katika jamii yetu, na chanzo chake ni neno moja lililowekwa mahali pasipo pake.

Mwisho, uchakavu si uharibifu. Uchakavu ni kupungua kwa kawaida kunakoletwa na matumizi yaliyokubaliwa: tairi kulika kidogo, mafuta ya injini kupungua. Uharibifu ni kuvunjika au kuungua kunakotokana na ajali, uzembe au matumizi yasiyokubaliwa. Upotevu ni kutoonekana kwa kitu kilichokuwapo, na kwa gari tunu taa moja ya asili iliyopotea yaweza kuwa haipatikani tena dukani. Mwenye gari abebe uchakavu. Mkodi abebe uharibifu na upotevu. Ili kutenganisha hayo, pande zote mbili zikague gari na kupiga picha kabla na baada.

Istilahi zinazopendekezwa

Mkodi: anayepewa matumizi ya kitu kwa muda na kwa malipo.
Mkodishaji: mwenye kitu anayetoa matumizi hayo.
Ukodi: hali na muda wa kitu kuwa mikononi mwa mkodi.
Gari tunu la kijeshi: gari la zamani la jeshi linalotunzwa kwa historia na uadimu wake.
Nasaba ya gari: maelezo ya asili, miaka, wamiliki na matumizi ya gari.
Gari la pichani: gari linaloonekana katika filamu.
Gari la kazi: gari linalowahudumia watengenezaji wa filamu.
Gari la kuvikwa: gari halisi lililobadilishwa umbo lifanane na la aina nyingine.
Ukodi wa kutwa: ukodi wa kuanzia asubuhi hadi jioni.
Dhamana: fedha inayoshikwa kwa ajili ya fidia, na kurudishwa gari likirudi salama.

Hitimisho

Kabla ya kuondoka Michenga niliichukua ile karatasi nikaandika upya sentensi moja: "Mkodi, yaani mtengenezaji wa filamu, atalipa gharama za uharibifu na upotevu utakaotokea katika muda wa ukodi; mkodishaji, yaani mwenye gari, atabeba uchakavu wa kawaida." Nikamsomea baba mkubwa mara mbili. Hakuuliza maana ya neno hata moja. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na rangi je? Nani ataiondoa?"

Nilikuwa nimesahau. Lori lilikuwa bado la kijani pale uani, na rangi ya kijani haikuwa uharibifu, wala uchakavu, wala upotevu. Tukaongeza: "Mkodi atalirejesha gari katika hali na rangi aliyolikuta nayo." Hivyo istilahi ya kumi na moja, kurejesha hali, imetoka kwa mzee wa Michenga, wala haikutoka ofisini.

Wasomaji wanaombwa waupime ubora wa maneno haya katika mazungumzo na katika mikataba yao, na walete maoni kabla hayajafikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji. Mwenye neno bora kuliko "gari tunu" asisite. Lakini kwa lile la mkodi na mkodishaji, nawasihi tusikawie kukubaliana. Magari yanaendelea kukodiwa kila siku, na karatasi zinaendelea kutiwa sahihi.